Kikohozi cha Mkamwana

Sauti yangu ni kubwa, najua. Wajukuu wangu husema bibi akinong'ona, Nyamwaga nzima inapata habari. Nawaacha wacheke. Lakini kuna wakati nilikohoa na watu wakakataa kwamba nimekohoa, na kwa ajili hiyo nikarudishwa kwa baba yangu na mtoto mgongoni. Hilo huwa siwasimulii sana, kwa sababu nikilianza nakasirika upya, na baba mkwe mwenyewe nimeshamsamehe siku nyingi.

Niliolewa Nyamwaga miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi. Nilikuwa nimesoma kwa wamisionari mpaka darasa la nne, na mwanamke aliyefika darasa la nne siku hizo alitembea shingo juu kidogo, sitaficha. Mume wangu alikuwa kazini Kenya, kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na alikuja nyumbani mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa hiyo niliishi na baba yake na mama yake.

Sisi Wakurya, mkamwana na baba mkwe wanaoneana haya, na haya hiyo ina jina lake, ensoni. Hampeani mikono, hamli pamoja, hamsemeshani ana kwa ana. Ukitaka kumpa kitu unakiweka chini, unaondoka, naye anakuja kukichukua. Mkikutana njiani unaingia majanini mpaka apite. Sasa nyumba zetu zimezungukwa na migomba na mahindi, mtu haonekani mpaka umfikie puani. Ndiyo maana mkamwana anakohoa kabla ya kupinda kona. Mkwe akisikia anageuza uso pembeni, nawe unapita zako. Kukohoa ni kazi ya mke, kugeuka ni kazi ya mzee. Mama yangu alinifundisha kukohoa kabla hajanifundisha kusonga ugali wa watu wengi, na kwa kweli kikohozi nilikijua kuliko ugali.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyekwenda vita ya Burma akawekwa kwenye mizinga. Alirudi na koti la jeshi na tabia moja ambayo wenzake waliicheka: alitaka kuoga maji ya moto kila jioni. Akajenga uzio wa mabua nyuma ya nyumba, na nyumba nzima tukawa tunaogea hapo. Sheria ilikuwa rahisi. Kabla ya kupinda uzio unakohoa. Kama kuna mtu ndani, anakohoa kukujibu. Ukisikia kimya, unaingia.

Watu walimheshimu sana kwa ukimya wake. Ukimwambia shikamoo mara ya kwanza hakujibu. Ukirudia ukiwa mbele yake ndipo alipojibu, polepole, akikuangalia mdomoni. Kijiji kikasema huyu ni mzee mzito, hakurupuki. Kwenye baraza alisikiliza kutwa bila kusema neno, na hilo nalo likaitwa busara. Kumbe busara yenyewe ilikuwa mizinga ya Burma.

Mimi nilianza kuona mambo mapema, maana nilikuwa nikikohoa kila siku. Mara ya kwanza nilimgonga uso kwa uso kwenye njia ya kisimani, nikaingia kwenye mahindi kama ninayefukuzwa na nyuki. Nilikuwa nimekohoa. Mara ya pili ilikuwa karibu na zizi. Mama mkwe akaniita jikoni akaniambia, "Binti, kwenu hamfundishwi?" Nikamwambia nilikohoa. Akasema, "Koo la mtu mwenye adabu husikika."

Halafu ikaja ile jioni. Nilikuwa na ndoo ya maji ya kumwogesha mtoto. Nilipofika kwenye uzio nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena, kwa sababu sasa nilikuwa mwoga. Kimya. Nikapinda. Baba mkwe alikuwa amesimama amenipa mgongo, hana kitu mwilini, anajimwagia maji. Ndoo ilinitoka mkononi, maji yakamfika miguuni, naye akageuka.

Sitasema zaidi. Kwetu hiyo ni aibu inayowaita wazee wa ukoo.

Walikaa kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwa jikoni na mtoto, nasikia kila neno kupitia mabua ya ukuta. Waliuliza swali moja tu: je, mwanamke alikohoa? Mama mkwe akasema yeye alikuwa shambani. Wakamuuliza mzee. Akakaa kimya, wakarudia, ndipo akasema, "Mimi sikusikia mtu akikohoa."

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililoniuma miaka mingi. Alikuwa amesema kweli tupu, na kweli hiyo ikanifukuza. Wazee wakaamua nirudi kwetu Gorong'a mpaka mume wangu aje aseme kama bado ananitaka. Na mtoto, wakasema, anyonye kwanza. Akiacha ziwa, arudi kwao Nyamwaga, kwa sababu mtoto ni wa ukoo.

Basi nikakaa Gorong'a kwa baba yangu, na kazi yangu kubwa ikawa kunyonyesha. Mtoto alikuwa ameshaota meno manne. Wanawake wenzangu walikuwa wakiwapa watoto wao uji mzito ili waache ziwa haraka, mimi nilificha kijiko. Mama yangu akinipa uji wa mtoto, nilikunywa mwenyewe. Alinikuta siku moja, akanitazama, akaondoka. Nilimchukia mzee yule. Nasema wazi. Nilikuwa nikiomba kwa Mungu kila asubuhi, na sehemu ya maombi yenyewe haikuwa ya Kikristo.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wetu alificha maradhi yake, nikaumbuka mimi.

Yaliyotokea Nyamwaga nilisimuliwa baadaye na mama mkwe. Mzee alikuwa na dume la kuongoza ng'ombe, lenye kengele shingoni; alijua masikio yake ni mazito, lakini kengele hiyo alikuwa akiisikia. Siku moja akaona dume linatikisa kichwa, na ulimi wa kengele unapiga huku na huku, lakini kengele imekufa. Akakasirika. Akaivua, akaipeleka kwa mhunzi aliyeitengeneza, akamwambia kazi yako ni mbovu, kengele haina hata mwaka imeshakufa. Mhunzi akaichukua akaitikisa. Mzee hakusikia kitu. Lakini akaona watoto waliokuwa wakicheza uani wakigeuza vichwa wote pamoja, na mbuzi akageuza kichwa, na mwanamke aliyekuwa akitwanga akasimamisha mchi.

Mhunzi akamwambia kengele ni nzima. Mzee akamwomba aitikise tena. Wale watoto wakageuka tena.

Mama mkwe alisema alirudi na kengele mkononi, akaketi kwenye kigoda chake, hakula siku mbili. Siku ya tatu akamwambia mkewe, "Yule mtoto wa watu alikohoa." Mama mkwe akamwambia sasa utawaambia wazee? Akasema, "Nitawaonyesha."

Akamwandikisha mwalimu wa shule barua kwenda Kericho. Mume wangu akaja, yeye na mzee wakapanda basi pale Sirari, wakapita Kisii mpaka Kisumu, kwa daktari mmoja Mhindi aliyetibu masikio. Mume wangu ndiye aliyenieleza habari za huko, na kila alipozieleza alitikisa kichwa. Daktari alimpima mzee, akasema masikio hayaponi, yameharibiwa na mizinga, ila kuna mashine za kumsaidia. Akaweka mbili mezani.

Moja ilikuwa ndogo, mpya, ya kuingia mfuko wa shati. Daktari akasema ukivaa koti juu yake hakuna atakayejua, na betri yake inadumu. Nyingine ilikuwa ya zamani kidogo, kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, ina kifuniko kinachong'aa, waya mnene unaopanda mpaka sikioni, na inakula betri kweli kweli. Zote zilisikika sawa. Mume wangu akamgusa baba yake, akamwonyesha ile ndogo.

Mzee akauliza, "Hii kubwa inaonekana kutoka umbali gani?"

Daktari akacheka. Alisema watu wote waliokaa kwenye kiti kile walimuuliza namna ya kuficha. Mzee hakucheka. Akaivaa ile kubwa juu ya koti la jeshi, akamtuma mwanawe asimame kule getini, akamuuliza kwa kelele kama anaiona. Mume wangu akasema anaiona, na watu wote wa barabarani nao wanaiona. "Basi ndiyo hii," mzee akasema. "Nataka aliye ng'ambo ya kilima ajue kwamba mimi sisikii."

Nilikuwa napepeta ulezi nyuma ya nyumba ya baba yangu siku walipoingia. Mume wangu, baba mkwe, na wale wazee wa ukoo, wale wale. Mama akanivuta jikoni. Nikachungulia kwenye mwanya. Mzee alikuwa amekaa na lile dude kifuani, linang'aa juani, waya umemwingia sikioni. Watoto wa kwetu walikuwa wanamzunguka kwa mbali kama mtu aliyekuja na redio.

Akaongea bila kuzunguka. Akasema, "Nilisema sikusikia mtu akikohoa. Nilisema kweli, lakini niliificha nusu yake. Sisikii watu. Sisikii ng'ombe. Tangu vitani nasoma midomo yenu na mnaniita mwenye busara. Sasa huyo mwanamke, popote alipo nyuma yangu, akohoe."

Baba akatuma neno jikoni. Nikakataa. Ndiyo, nilikataa. Miezi yote hiyo nimekaa na maziwa yanakauka kifuani kwa hofu, leo niambiwe kohoa, nikohoe kama ng'ombe anayepimwa mapafu? Mama akanifinya ubavuni mpaka machozi yakanitoka. Akasema, "Kohoa, unamkoholea mwanao."

Nikakohoa. Kikohozi kile kile changu cha Nyamwaga, si kikubwa, si kidogo. Mzee akageuza uso kuelekea zizini, polepole, kwa heshima zote, kama inavyotakiwa.

Halafu akachomoa kile kipande sikioni, akakiacha kinaning'inia. Akasema, "Tena."

Safari hii nilikohoa kwa hasira zangu zote. Kuku walitawanyika. Mzee mmoja akaangusha fimbo. Baba mkwe akakaa vile vile, anatazama mbele, hana habari. Mzee aliyeangusha fimbo ndiye aliyesema, taratibu, "Kumbe tulimfukuza bure." Nilisikia, nikalia pale pale jikoni nikimkumbatia mtoto, na mtoto akachukua nafasi hiyo kunyonya.

Alichinjwa mbuzi, tukatakaswa kama desturi inavyotaka, nikarudi Nyamwaga. Wiki ile ile nikampa mtoto uji mzito, akaacha ziwa bila kelele. Kumbe alikuwa tayari zamani, mimi ndiye niliyekuwa sijawa tayari.

Kuishi na ile mashine haikuwa kazi ndogo. Msaidizi wa daktari alikuwa ameandika maelekezo ya Kiswahili kwenye karatasi, na nyumba nzima msomaji nilikuwa mimi, mtu pekee asiyeruhusiwa kuongea na mwenye mashine. Mama mkwe akapata dawa. Mimi nikakaa ndani na karatasi, mzee akakaa nje, ameishika mashine yake akiigusisha ukutani, mama mkwe akakaa mlangoni katikati yetu kama serikali. Nikasoma kwa ukuta: usiiloweshe, usilale nayo, toa betri usipoitumia, kelele zikizidi punguza kwa kile kitufe cha kuzungusha. Kutoka nje ikasikika sauti, "Hapo pa kitufe, arudie." Nikarudia. Hayo ndiyo maongezi yetu ya kwanza, na katikati yake palikuwa na ukuta wa udongo na samadi.

Alisikia vitu alivyovisahau, na vingine alivyofurahi kuvisahau. Upepo ukivuma, mashine ilinguruma. Akiinama vibaya ilipiga mluzi, na mbwa wa jirani wakajibu. Alisema ugali wake mwenyewe mdomoni unampigia kelele. Siku moja akamwambia mkewe, "Mama watoto, kumbe unanung'unika hivi miaka yote?" Mama mkwe akamjibu, "Ndiyo, na sijamaliza." Sisi wanawake tukajifunza kunong'ona jikoni, na mimi kunong'ona ni mateso. Kufika mchana alikuwa amechoka. Ukimwona anakunja pua na kuzungusha kitufe, ujue kelele za dunia zimemtosha.

Lakini mimi nilipokohoa, aligeuka. Kila mara, bila kukosa. Njia ya kisimani, zizini, kwenye uzio. Nilianza kutembea kwenye boma lile kama mtu wa pale. Majirani waliokuwa wakinisema pembeni sasa waliniita mke wa nyumba ile.

Betri zilitoka Kericho, mume wangu akizituma kwa watu wanaorudi likizo. Baadaye akaandika kwamba madukani wanasema za aina ile haziji tena, watu wote wananunua mashine ndogo. Akamuuliza baba yake kama amtafutie hiyo ndogo. Mzee akajibu hapana, hii inamtosha. Pakiti ya mwisho ililetwa nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Nikajisemea mzee huyu anajua kubana matumizi, maana miezi ilipita na mashine ilikuwa bado kifuani na bado aligeuka.

Kitu kingine kilibadilika wakati huo, nikakiona bila kukifikiria. Mzee ambaye siku zote alifukuza mbwa kwa fimbo alianza kumlisha mbwa wa nyumbani kwa mkono wake, vipande vya ugali, hata mfupa wenye nyama. Mbwa akahamia miguuni pake. Tukasema uzee umemlegeza.

Kisha akashikwa na malaria kali. Akalala ndani siku kadhaa, na mama mkwe akanipa lile koti la jeshi nifue. Mashine ilikuwa bado imebanwa kwenye koti. Nikaibandua kwa uangalifu, nikakumbuka karatasi yangu, toa betri usipoitumia. Nikafungua kifuniko.

Hapakuwa na betri. Palikuwa na ugoro. Ameujaza vizuri, umeshikana pembeni, mkavu wa siku nyingi, na juu yake mpya wa juzi. Vyuma vya kushikia betri vilikuwa vimeshaota kutu. Nikakaa chini kwenye jiwe la kufulia. Mtoto wa pili, yule niliyekuwa na mimba yake pakiti ya mwisho ilipokuja, alikuwa pembeni yangu amesimama kwa miguu yake, anachezea povu.

Sikumwambia mtu. Nilifua koti, nikarudisha mashine mahali pake na ugoro wake ndani.

Alipopona akarudi kwenye kigoda chake, kwenye kona ya njia ya kisimani, mbwa miguuni. Asubuhi moja nilibeba mtungi, nikavua ndala, nikaja kwenye migomba polepole. Sikukohoa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikasimama kwenye kona nimejibana kwenye jani la mgomba, naona bila kuonekana.

Mbwa aliinua kichwa, akasimamisha masikio kuelekea upande wangu.

Mzee alikuwa akimtazama yule mbwa. Hapo hapo akageuza uso zizini, polepole, kwa heshima zote. Akakunja pua, mkono wake ukapanda kifuani, akazungusha kile kitufe kama mtu aliyepigiwa kelele karibu mno, ili yeyote apitaye aone kwamba mke wa mwanawe amekohoa.

Nikavaa ndala zangu. Halafu nikakohoa, nikapita.